Namna ya Kupima Upau na Mnyororo wa Chenso Kabla ya Kununua Vipya

Mteja anayemwambia muuzaji kwamba anahitaji mnyororo wa inchi 16 huwa ametaja kipimo kimoja tu, tena kile ambacho peke yake hakiamui chochote. Upau wa inchi 16 wa msumeno mdogo hufungwa mnyororo wenye pingili 55 za kuendeshea katika chapa moja na 56 katika chapa nyingine. Upau wa urefu huohuo ulio wa kazi nzito zaidi hudai pingili 60, na kuna mwingine unaodai 66 au 67. Minyororo yote hiyo huitwa ya inchi 16, wala hakuna hata mmoja unaoweza kuagizwa badala ya mwingine kwa kubahatisha.

Vipimo vinavyohitajika ni vinne: pichi, yaani wastani wa nafasi kati ya ribiti (pini zinazounganisha pingili), geji, yaani unene wa ulimi wa pingili, idadi ya pingili za kuendeshea na urefu wa upau. Pingili za kuendeshea ni zile zenye ulimi unaochungulia upande wa chini wa mnyororo, ambao huingia katika mfuo wa upau na kushikwa na meno ya sproketi, lile gurudumu dogo la meno linalozungushwa na injini. Upau wenyewe, ambao wauzaji wengi huuita baa, ni lile bamba refu la chuma ambalo mnyororo huuzunguka. Ni vyema kuelewa tangu mwanzo kwamba kila kipimo kina mwenyewe. Pichi huamriwa na sproketi iliyo kwenye injini, geji huamriwa na mfuo wa upau, na idadi ya pingili huamriwa na upau pamoja na mwili wa msumeno unaoubeba. Anayelijua hilo hatababaika akikuta vipimo viwili vinapingana, kwa sababu atajua ni kifaa kipi cha kuulizwa.

Kabla ya kugusa chochote, zima injini, subiri ipoe, kisha chomoa waya wa plagi. Ikiwa msumeno ni wa umeme, chomoa waya wake ukutani au toa betri. Vaa glavu ngumu, kwa kuwa mnyororo butu bado hukata ngozi. Katika misumeno ambayo breki ya mnyororo imejengwa ndani ya kifuniko cha pembeni, hakikisha breki imeachiliwa kabla ya kulegeza nati, la sivyo kifuniko hakitarudi mahali pake kwa urahisi. Toa kifuniko, upau na mnyororo, kisha visugue kwa brashi mpaka utando wa oili na unga wa mbao utoke wote. Maandishi unayoyatafuta hujificha chini ya utando huo.

Maandishi yaliyogongwa kwenye chuma

Kwenye upau, tazama karibu na mkia, yaani ile sehemu inayoingia chini ya kifuniko. Watengenezaji wengi hugonga hapo urefu, pichi, geji na idadi ya pingili, pamoja na namba ya aina ya mkia. Ikiwa yote yanasomeka na upau ni ule uliokuja na msumeno, kazi imekaribia kwisha.

Mnyororo nao una maandishi, ila ni madogo na hutumia namba za siri za kila kiwanda. Oregon hugonga namba ubavuni mwa pingili za kuendeshea: 91 ni mnyororo wa 3/8 ya inchi wenye umbo la chini na geji ya inchi 0.050; namba 20, 21 na 22 ni pichi ya 0.325 yenye geji za 0.050, 0.058 na 0.063 kwa mfuatano huo. 72, 73 na 75 ni 3/8 ya kawaida yenye geji hizohizo tatu. Stihl huigawa taarifa mahali pawili. Namba iliyo juu ya kizuia kina, kile kinundu kilicho mbele ya kila jino la kukatia, hutaja pichi, ambapo 2 ni 0.325, 3 ni 3/8, 4 ni 0.404 na 6 ni 3/8 yenye umbo la chini. Namba iliyo kwenye pingili ya kuendeshea hutaja sehemu za kumi za geji zinazozidi milimita moja, hivyo 3 ni milimita 1.3, 5 ni 1.5 na 6 ni 1.6.

Hata hivyo, namba ya mnyororo huzungumzia mnyororo huo tu. Haithibitishi kwamba aliyeufunga alifunga uliostahili. Msumeno uliopitia mikono kadhaa unaweza kuwa na upau wa geji moja na mnyororo wa geji nyingine, na ukaendelea kukata vibaya kwa muda mrefu bila mtu kushuku. Kwa hiyo maandishi ya upau, ya mnyororo na ya sproketi yalinganishwe, na pale yanapotofautiana au yamefutika, ndipo kipimo cha mkono huanza.

Pichi

Tandaza kipande cha mnyororo kikiwa kimenyooka juu ya meza. Pima kutoka katikati ya ribiti moja hadi katikati ya ribiti ya tatu, ukiihesabu ile ya kwanza kuwa moja, kisha gawanya kwa mbili. Watu huuliza kwa nini isipimwe nafasi moja tu kati ya ribiti mbili zilizo jirani. Sababu ni kwamba nafasi ya ribiti kwenye pingili ya kuendeshea na nafasi ya ribiti kwenye pingili ya pembeni si sawa, na pichi ni wastani wa hizo mbili.

Kipimo cha ribiti tatu kikiwa milimita 12.7, pichi ni 1/4 ya inchi. Kikiwa takriban 16.5, ni 0.325. Kikikaribia 19, ni 3/8, na kikifika 20.5, ni 0.404. Tofauti kati ya hizi mbili za mwisho ni kama milimita moja na nusu, nayo inaweza kumponyoka mtu mwenye rula iliyofutika. Njia ya kujihakikishia ni kupima umbali mrefu zaidi: pima ribiti 11 zinazofuatana, ambazo zina nafasi kumi kati yake, na ugawanye kwa kumi. Kosa dogo la jicho litagawanyika pia. Mnyororo uliotumika sana hurefuka kwa sababu ribiti na matundu yake hulika, kwa hiyo usishangae kipimo kikizidi kidogo. Chagua pichi iliyo karibu zaidi, kwa kuwa hakuna pichi za katikati.

Pichi ya 3/8 ndiyo yenye mtego, maana ipo ya kawaida na ipo yenye umbo la chini, na rula haizitofautishi. Zitenganishe kwa dalili nyingine. Yenye umbo la chini ni nyepesi, meno yake ni mafupi kwa kimo, na geji yake huwa milimita 1.1 au 1.3. Ukipima 3/8 na kukuta geji ya 1.5 au 1.6, basi ni ya kawaida. Usizichanganye kwenye sproketi moja, hata kama mnyororo unaonekana kukaa, kwa kuwa meno ya sproketi hizo hayakuchongwa kwa ajili ya ndimi zilezile.

Baada ya hapo geukia sproketi. Nyingi zimeandikwa pichi yake ubavuni. Ikiwa upau una sproketi ndogo kwenye ncha, nayo lazima iwe na pichi hiyohiyo. Upau wenye ncha ngumu isiyo na sproketi hauna sharti hilo. Anayetaka kubadili pichi ya msumeno wake hana budi kubadili sproketi, upau na mnyororo kwa pamoja.

Geji

Geji ni unene wa ulimi wa pingili ya kuendeshea, na ndio unene unaopaswa kulingana na upana wa mfuo wa upau. Geji za kawaida ni nne: 0.043 ya inchi, ambayo ni milimita 1.1; 0.050, ambayo ni 1.3; 0.058, ambayo ni 1.5; na 0.063, ambayo ni 1.6. Hapa rula haifai kitu, kwa sababu tofauti kati ya mbili za mwisho ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Tumia kalipa, kile kifaa cha taya mbili cha kupimia unene, na ya bei nafuu yenye skrini inatosha kabisa.

Shika ulimi kwa taya za kalipa sehemu ya juu, karibu na ribiti, mahali ambapo haujasuguana na kuta za mfuo. Ukishika ncha ya chini utasoma chuma kilicholika. Pima pingili tano au sita zilizo mbalimbali kwenye mnyororo, kisha amini kipimo kikubwa kuliko vyote, kwa kuwa chuma hulika na kupungua, hakikui. Kama kalipa inasoma 1.47 hapa, 1.49 pale na 1.44 kwingine, mnyororo huo ni wa 1.5. Kama inasoma 1.53 na 1.56, huo ni wa 1.6 uliochakaa, hata kama pingili moja itasoma 1.5 kamili.

Mfuo wa upau hupimwa kwa fila geji, yale majani membamba ya chuma yenye unene ulioandikwa. Jani linaloingia kwa kuteleza bila kulazimishwa na bila kuchezacheza ndilo jibu. Pima mahali patatu: karibu na mkia, katikati na karibu na ncha, juu na chini. Uchakavu wa mfuo huenda kinyume na wa mnyororo, kwani mfuo hupanuka. Ukikuta mkiani 1.3 na katikati 1.5, usidhani upau una geji mbili. Ni wa 1.3 uliopanuka mahali unapofanya kazi zaidi, nao umekwisha.

Kosa la geji halijitangazi siku ya kwanza. Mnyororo wa 1.3 katika mfuo wa 1.5 hukaa bila shida, huzunguka, hata hukata, lakini hulala upande mmoja, na mkato wake hupinda kadiri unavyoshuka ndani ya gogo. Mwenye msumeno hunoa tena na tena akidhani meno ya upande mmoja ni butu. Mnyororo mnene kuliko mfuo, kwa upande wake, hugoma kuingia au huingia kwa kubana, kisha hupasha upau joto.

Ukiwa unabadilisha upau na mnyororo kwa pamoja bila kubadili urefu, geji ndicho kipimo pekee ambacho una uhuru nacho, mradi viwili hivyo vilingane na mtengenezaji wa msumeno aruhusu muungano huo. Ukibadilisha mnyororo peke yake, huna uhuru wowote. Upau uliopo ndio unaotoa amri.

Kuhesabu pingili

Hakuna hila hapa ila subira. Tia alama ya chaki kwenye pingili moja ya kuendeshea, hesabu ndimi moja baada ya nyingine mpaka urudi kwenye alama, na urudie upande wa pili. Wapo wanaohesabu meno ya kukatia na kuzidisha, jambo ambalo si la kuaminika, kwani mpangilio wa meno hutofautiana kati ya aina za minyororo, na mahali pa kuungia pengine huvunja mpangilio huo. Kwa uhakiki, hesabu ribiti za upande mmoja: ziwe mara mbili kamili ya pingili za kuendeshea. Mnyororo wa pingili 72 una ribiti 144.

Kama mnyororo wa zamani umepotea na upau hauna maandishi, usikisie kutokana na urefu. Tafuta idadi katika kitabu cha maelekezo cha msumeno, chini ya modeli na urefu wa upau. Inafaa kujua pia kosa la pingili moja lina uzito gani. Kwenye pichi ya 0.325, pingili moja ya kuendeshea huongeza milimita 16.5 kwenye mzunguko mzima, lakini kwa kuwa mnyororo hupita juu na chini ya upau, upau husogea nusu tu ya hapo, yaani kama milimita 8. Skrubu ya kukazia huweza kumeza tofauti hiyo mara nyingine, na ndiyo sababu mtu hufunga mnyororo wenye pingili moja zaidi akaona umekubali. Lakini atakuwa ameitumia nafasi ya kukazia kabla mnyororo haujaanza kurefuka, na baada ya muda mfupi hatakuwa na pa kukazia tena.

Urefu wa upau

Urefu unaotajwa kibiashara ni urefu wa kukatia. Hupimwa msumeno ukiwa umefungwa kamili, kutoka mahali upau unapotokeza kwenye mwili hadi ncha ya jino lililo mbele kuliko yote, kisha huzungushwa kwenda juu hadi inchi kamili, ambayo mara nyingi huwa namba shufwa. Ukipata inchi 15 na robo tatu, upau ni wa 16. Usianzie kwenye makucha ya chuma yanayong'ata gogo, bali kwenye mwili wenyewe. Baadhi ya watengenezaji huandika kwa sentimita, na 40 hapo ndiyo inchi 16. Urefu mzima wa bamba kutoka mkia hadi ncha ni kitu kingine, nao ni mkubwa zaidi. Ukiutumia kuagiza utaletewa upau usio wako.

Kila injini ina urefu wa juu inaoweza kuuendesha. Upau mrefu kupita huo huichosha injini, na pampu ya oili huenda isiufikishie mnyororo mafuta ya kutosha mpaka kwenye ncha.

Mkia wa upau

Sehemu hii husahauliwa na wengi, nayo ndiyo inayorudisha pau nyingi dukani. Mkia una mwanya mrefu unaopitisha stadi za kufungia, yaani zile bolti zilizosimama kwenye mwili wa msumeno, matundu ya pini ya kukazia, na vitundu vidogo vya oili. Upana wa mwanya, umbali wa matundu ya pini kutoka kwenye mwanya, na mahali pa kitundu cha oili hutofautiana kati ya familia za misumeno. Watengenezaji wa pau hutambulisha umbo la mkia kwa namba kama A041, K095 au D009, na namba hiyo ikisomeka, inukuu kama ilivyo.

Isiposomeka, pima upana wa mwanya kwa kalipa, kisha weka upau wa zamani juu ya mpya na ulinganishe tundu kwa tundu huku ukivimulika kwa tochi. Angalia zaidi kitundu cha oili. Upau unaweza kupita kwenye stadi, pini ikaingia, kifuniko kikafungwa vizuri, na bado kitundu kikawa pembeni kidogo ya mahali pampu inapotemea. Msumeno wa namna hiyo huwaka na kukata kwa dakika chache, kisha upau huanza kutoa moshi na kingo zake kugeuka buluu.

Cha kubadilisha na cha kuacha

Si kila mnyororo uliokwisha unadai upau mpya. Upau wenye mfuo ulionyooka, usio na kingo zilizopanuka, hutumikia minyororo kadhaa, hasa ukigeuzwa juu chini kila mara unapofungwa. Pima kina cha mfuo kwa ncha ya kalipa: Stihl huweka kiwango cha chini cha milimita 5 kwa pichi ya 3/8 yenye umbo la chini, 6 kwa 0.325 na kwa 3/8 ya kawaida, na 7 kwa 0.404. Chini ya hapo, ndimi hugusa sakafu ya mfuo na mnyororo huinuka kutoka kwenye reli, yaani kingo za mfuo. Vinyuzi vya chuma vilivyojikunja kwenye kingo si hukumu ya kifo. Huondolewa kwa tupa bapa. Ukingo mmoja uliolika kuliko mwenzake, au upau uliopinda, ni jambo lisilostahili kubembelezwa.

Sproketi ikaguliwe wakati huohuo. Mikwaruzo iliyochimbika kufikia nusu milimita inatosha kuibadilisha, kwani sproketi iliyolika huharibu pichi ya mnyororo mpya ndani ya muda mfupi. Mnyororo wenyewe huachwa meno ya kukatia yakibaki na urefu wa milimita 4, au yakifikia alama ya mwisho iliyochorwa juu yake na kiwanda.

Mnyororo mpya ukishafika

Uhesabu kabla ya kuufunga. Usiulinganishe na wa zamani kwa kuining'iniza miwili kwenye msumari, kwa sababu ule wa zamani umerefuka na utaning'inia chini zaidi hata kama pingili ni sawa. Idadi ndiyo inayolinganishwa. Ufunge meno yakitazama mbele upande wa juu wa upau, inua ncha ya upau kwa mkono, kisha kaza skrubu mpaka mnyororo uguse upau upande wa chini na bado uweze kuvutwa kwa mkono wenye glavu, breki ikiwa imeachiliwa. Kaza nati huku ncha ikiwa bado imeinuliwa. Mnyororo mpya hulegea haraka katika mikato ya kwanza, hivyo simamisha injini mapema, uache upoe, na uukaze upya. Ukiukaza ungali moto na kuuacha hivyo, utasinyaa ukipoa na kuukaba upau pamoja na beringi za injini.